Kimya cha Mkesha wa Krismasi

Kila Desemba watu wa bara huteremka Malindi kutafuta amani ya moyo, nao huitafuta kwa muziki mkubwa na nyama choma hadi sisi wenyeji tunakosa hata ile kidogo tuliyokuwa nayo. Mimi huwaachia mji wao. Hufunga kibanda changu cha kushona nikaenda kwetu Rabai kwa mama. Mwaka jana amani ilinifuata huko huko, imeletwa na kaka yangu mkubwa ndani ya gari lake.

Kaka anaishi Nairobi. Mwaka mzima mama alikuwa akimwekea maneno. Akimpigia simu, kaka yuko mkutanoni, atampigia baadaye, na baadaye hiyo haijawahi kufika Rabai. Basi mama akawa anayaweka: mpaka wa shamba uliosogezwa, ndoto aliyoota ya marehemu baba, minazi inayopukutisha nazi changa. Aliniambia mimi yote, lakini nikitaka kumfikishia kaka alinikataza. Alitaka kumwambia kwa kinywa chake, ana kwa ana, Krismasi.

Kaka akaja, na mkewe, na kitabu. Kilikuwa kitabu cha kusoma msimu wa Krismasi, somo moja kila siku, cha kumfundisha mtu kupata utulivu wa ndani. Kilijaa picha za theluji. Somo la kwanza alilotusomea lilitushauri tujifunike blanketi zito, tusogee karibu na moto, tusikilize baridi ikipita dirishani. Hiyo ni Rabai, Desemba, saa nane mchana. Hata kuku walikuwa wamejilaza chini ya gari lake wakihema. Wifi alifumba macho akaitikia kwa kichwa, jasho likimtiririka shingoni.

Sisi tuna kusoma kwetu. Mkesha wa Krismasi husomwa habari za kuzaliwa kwa Yesu, na hatusomi kwa adabu. Kila mwaka mama humkatiza msomaji pale pa nyumba ya wageni, amtukane yule mwenye nyumba aliyemnyima mja mzito pa kulala. Majirani hudakia, hakosi mmoja wa kumtetea, na ubishi huwaka mpaka wali ukaungua. Kaka alisema hiyo si kusoma, ni kelele. Akatangaza kwamba safari hii mkesha utakuwa siku ya kimya, tangu asubuhi hadi jioni.

Akazima redio. Akakusanya simu zetu, akazizima, akazitia kapuni. Kinu kikawekwa kando. Mama, aliyekuwa amevaa leso mpya kwa ajili ya mazungumzo yake, akafungua kinywa, na kaka akamwekea kidole mdomoni kwa upendo mwingi, akamwongoza chumbani akapumzike. Nilikasirika. Lakini kwetu mdogo habishani na kaka mkubwa mbele ya mkewe, nikachukua kikapu nikaenda dukani kununua mchele.

Yaliyofuata nilisimuliwa na jirani yetu, mwanamke wa umri wa mama. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akapiga hodi, asijibiwe. Akachungulia uani. Redio haisikiki, kinu hakisikiki. Mkeka umetandikwa nje. Kaka ameshika tama. Wifi ameketi, miguu ameinyoosha, analia machozi ya kweli, maana somo la siku hiyo lilimtaka aitoe mizigo yake yote kwa kulia. Na mama haonekani. Jirani akauliza kuna nini, naye kaka akaweka kidole mdomoni, akageuza macho kuelekea chumbani kwa mama.

Sasa niambie, kwa Mrabai yeyote mwenye akili zake, hayo ni nini kama si msiba?

Nikiwa njiani narudi nilisikia vilio upande wa kwetu. Mchele niliuangusha. Nilikimbia nikimwita mama, na sikumbuki nilipitia wapi. Uani palijaa wanawake waliojifunga leso viunoni, wamekuja na unga na kuni kama matanga yanavyotaka, wakimlilia mama na ukarimu wake. Kaka alikuwa katikati yao na kitabu chake, akiwasihi kwa ishara watulie. Wao wakaona majonzi yamemkata sauti, wakazidi kulia.

Ndipo mama akatoka na mkongojo wake, akauliza nani amekufa.

"Ni wewe, mwenzangu," alisema jirani.

Mama alicheka mpaka ikabidi ashikwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na siku hiyo niliusikia mshindo wenyewe. Unga wa matanga ukasongwa sima, wanawake wakakaa wakala, na mwenye nyumba ya wageni akatukanwa inavyostahili. Kaka alijitenga, amenuna. Wageni walipoondoka alimlalamikia mama kwamba alimletea zawadi ya kimya, na watu wameiharibu.

"Kimya chako nakijua, mwanangu," mama alisema. "Ninacho mwaka mzima. Mimi nilikuwa nangoja maneno."

Kwa hilo kitabu hakikuwa na somo. Kaka alikifunga, akavuta kigoda karibu na miguu ya mama, akamwambia, "Basi niambie, mama. Nakusikiliza."

Mama akafungua kinywa. Akatazama mlangoni, akatazama chini, akaanza kutaja jina la mtu, akaliacha.

"Yamenitoka," alisema polepole. "Yalikuwa mengi. Hebu keti kwanza, huenda yakanirudia."

Kaka akaketi. Tukaketi sote, hata mimi niliyeyajua yote, tukamngojea.