Fundi wa Chokaa na Makaburi ya Ufukweni

Fundi wa chokaa hapandishi sauti. Kwenye mikutano ya kupinga hoteli iliyotaka kujengwa juu ya makaburi ya ufukweni, wenzake walipoapa kulala mbele ya matingatinga, yeye alikaa nyuma akibandua chokaa iliyokauka kwenye kucha, na alipoombwa neno alisema makaburi hayo ya kale yana nyufa upande wa bahari. Watu walicheka. Baraza likaipitisha hoteli. Walioapa wakarudi makwao, naye akarudi kwenye nyufa. Kila asubuhi hukoroga chokaa, huisugua kati ya vidole kama mpishi asiyeamini mkono wa mwenzake, hupiga lipu, kisha huifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, maana lipu ikikauka kwa pupa hupasuka.

"Mjomba, unampaka maiti poda," mpwa wake alimwambia. "Wanabomoa Jumatatu."

"Lipu haijui Jumatatu," alijibu, akamtuma maji.

Jumatatu tingatinga lilimkuta akilinyunyizia maji kaburi la mama yake, wa mwisho kuzikwa pale. Dereva alizima injini, akashuka.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nimetumwa."

"Marahaba. Najua."

Fundi akaondoa magunia, akayakung'uta, akayakunja moja moja, kwa kuwa yalikuwa ya kuazima. Akaligusa kaburi kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Baba, anzia kule mwisho," alimwambia dereva. "Lipu ya huku bado mbichi."