Sekunde Nne Baada ya Kolterman

Asubuhi ile ya Jumapili Orville Vondra aliandika neno moja mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, kwa wino mweusi, akalipuliza mpaka likakauka. Belmar. Akaliandika tena kwenye kipande cha kadi, akakibandika kwenye kioo cha kibanda cha watangazaji, usawa wa macho, ili kila akitazama uwanja alione hilo kwanza.

"Bado kuliandika kwenye paji la uso tu," akasema Wendell, fundi mitambo, aliyekaa naye kwenye kibanda kile miaka kumi na mmoja.

"Cheka tu. Nikiondoka mimi, watakuletea mtu wa Chicago asiyejua mto uko upande gani."

Wendell akaacha kucheka. Nyuma yao, kwenye kiti cha kukunja, alikuwa amekaa Pruitt wa kampuni ya bia ya Belmar, kijana mwenye suti ya kijivu, daftari magotini na saa ya kupimia sekunde mkononi. Alikuja kwa ajili ya neno hilohilo.

Kwa miaka ishirini na saba, kila mchezaji wa Fisi Maji, timu ya besiboli ya mji, alipoupiga mpira ukavuka uzio, akawa huru kuzunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia, Orville alisema redioni maneno yaleyale: "Fungueni Kolterman, huyo anarudi nyumbani!" Kolterman ilikuwa bia ya mji. Ilipikwa nusu maili kutoka uwanjani, ng'ambo ya reli, na siku za kupika wapiga mpira walisimama kwenye harufu ya shayiri iliyochemka kama watu waliosimama jikoni kwa mama zao. Januari ya mwaka ule, 1973, warithi wa Kolterman waliuza jina, mabati yakapigwa kwenye madirisha ya kiwanda, na Belmar wakaja kuchukua matangazo ya besiboli. Walitaka sentensi ibaki vilevile kwa sababu watu waliipenda. Neno moja tu libadilike.

Orville akasaini mkataba. Siku ya ufunguzi Fisi Maji wakaupiga mpira nje, naye akasikia mdomo wake ukisema Kolterman. Wiki iliyofuata ukasema tena. Ikaja barua ya mistari minne kutoka Belmar: mara ya tatu, kipaza sauti kitapewa mtu mwingine.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alitoka jeshini mwaka 1946 akiwa hajui kazi yoyote, na mzee Kolterman alimsikia baani akisimulia mchezo ambao nusu ya waliokuwa pale walikuwa wameuona kwa macho yao, na bado walikuwa wamemzunguka wakisikiliza. Hivyo ndivyo alivyopata kazi. Tangu hapo sauti yake iliingia majikoni, kwenye gereji na kwa vinyozi, na mji ulimfahamu hivyo. Nje ya kibanda kile alikuwa mtu mkimya, mwenye mabega yaliyoinama, ambaye keshia wa duka alimtambua pale tu aliposema asante.

Mchezo ulianza saa saba. Chini ya kibanda, kwenye kiti chake cha siku zote, Mama Halvorsen aligeuza shingo akapaza sauti.

"Ovi! Leo unatuuzia nini? Yale maji ya kuoshea vyombo?"

"Tazama mchezo, mama."

"Nautazama! Wewe tazama ulimi wako!"

Watu wa safu ile wakacheka. Pruitt hakucheka. Akaandika kitu.

Matangazo ya kusoma hayakumsumbua Orville. Karatasi ilikuwa mbele yake, na karatasi haina mazoea. Hatari ilikuwa kwenye lile ambalo halisomwi, linalotoka lenyewe pindi mpira unapopanda. Nyumbani alilifanyia mazoezi akiosha sahani, akipanda ngazi, akinyoa ndevu, mpaka mkewe Agnes akamwambia, "Unalitamka kama mtu anayemeza dawa."

Raundi ya tano mpira ukapigwa juu sana upande wa kushoto. Akausikia mlio wa gongo, akasimama bila kujua kwamba amesimama. "Fungueni—" akasema, na kooni likapanda lile la zamani, zima zima, kama kikohozi. Mdakaji wa wageni akaruka kwenye uzio akaukamata. Orville akafunga mdomo. Jasho lilimtoka mpaka wino wa mkononi ukaanza kuchuruzika.

"Ungesema nini?" Pruitt akamuuliza wakati wa mapumziko.

"Hujasikia?"

"Nimesikia mwanzo."

"Basi na mimi nimesikia mwanzo tu," Orville akasema, akanywa maji.

Hakumwambia kwamba tatizo halikuwa jina peke yake. Kolterman walikuwa na king'ora cha mvuke juu ya paa la kiwanda. Aliyekivuta alikuwa Toni Skroch, fundi wa boila, kaka yake Agnes, na alikuwa na redio ndogo pembeni ya kamba. Orville anatangaza, kisha ananyamaza. Toni anasikia, anavuta. Mara mbili fupi, mara moja ndefu, na sauti inavuka reli na kuingia uwanjani wakati mpigaji anazunguka kituo cha pili. Kati ya neno na king'ora zilipita sekunde nne, na katika sekunde hizo mji mzima ulishika pumzi. Hakuna aliyewahi kuzijaza.

Boila zilipozimwa, Toni alikuja kula chakula cha Jumapili nyumbani kwa dada yake. Akasikia habari za mkataba. Akaweka uma chini taratibu.

"Mimi wamenizimia moto, shemeji," alisema. "Wewe umewauzia mdomo mwenyewe."

Ilikuwa Februari. Hawakuzungumza tena. Agnes bado alimpelekea keki, akirudi anasema tu kwamba redio yake iko kimya, na Orville hakuuliza zaidi.

Raundi ya tisa, zamu ya mwisho, Fisi Maji walikuwa nyuma kwa pointi moja, mtu mmoja yuko kituo cha pili, na wawili wameshatolewa; akitolewa wa tatu, mchezo umekwisha. Aliyeingia kupiga ni Dewey Castleberry, mwenye mikono kama makasia. Uwanja ukasimama. Mama Halvorsen alikuwa amekunja kofia yake mpaka haifai tena. Pruitt akasogeza kiti mbele, na Orville akaisikia saa ikitikatika karibu na sikio lake.

Mpira wa kwanza Castleberry akauacha. Wa pili akaukosa. Orville aliwaeleza wasikilizaji kila kimoja kwa sauti ileile ya siku zote, huku kidole gumba chake kikisugua mgongo wa mkono pale neno lilipokuwa limebaki doa.

Mpira wa tatu ukapigwa.

Alijua kwa mlio kabla ya kuuona. Ukapita juu ya taa, juu ya ubao wa zamani wa tangazo la Kolterman, wenye kikombe cha bia, ambao sasa umepakwa rangi ya buluu, ukaenda zake.

"Fungueni," akasema, na akaona ile kadi, akaishika kwa macho kama mtu anavyoshika ukuta gizani, "Belmar. Huyo anarudi nyumbani."

Kisha akanyamaza.

Hakukusudia. Mdomo ulikuwa umemaliza kazi yake na sasa ulikuwa unangoja. Castleberry alipita kituo cha kwanza. Wendell alimtazama Orville, kisha akatazama dirishani, upande wa reli, na mkono wake haukugusa kitufe chochote. Na watu waliokuwa wakipiga kelele chini, mmoja mmoja, waligeuza vichwa kule kule kwenye paa la kiwanda.

Hakikulia kitu. Castleberry akapita kituo cha pili, na Orville akaendelea.

Watu walipokwisha kutoka, Pruitt alifunga daftari. "Vizuri sana, Bwana Vondra. Umeokoa kazi yako. Ila pale pana sekunde nne za ukimya. Redio ilidhaniwa imekufa. Mara nyingine uzijaze. Sema Belmar ni baridi, sema chochote."

Kabla Orville hajajibu, simu ya kibandani ikalia. Wendell akasikiliza, akamnyooshea Orville.

"Umesema Belmar," sauti ikasema.

Orville akakaa chini. "Nimesema, shemeji."

"Nimesikia. Hiyo bia haifai hata kwa konokono wa bustani." Toni akakohoa. "Halafu ukakaa kimya."

"Sikukusudia."

"Mimi niko jikoni namenya viazi. Mkono umepanda wenyewe, unatafuta kamba, kisu kikiwa kiganjani. Nusura nijitoboe jicho, mjinga mimi." Kisha akauliza, "Jumanne mnacheza?"

"Saa saba mchana."

"Basi usiharakishe. Mkono wangu siku hizi mzito."

Pruitt alikuwa mlangoni, mkoba mkononi, bado anangoja jibu lake. Orville alimtazama usoni huku akiongea na simu.

"Sitaharakisha," akasema.