Mashavu ya Vidonge

Jana mjukuu wangu mwenye pumu alitema kidonge mkekani. Nikakipapasa, nikakiokota, nikakilamba. Uchungu ule ule wa vidonge vyangu vya utotoni, unang'ang'ania ulimi kama shubiri.

Wakati huo tulikuwa wakimbizi, tumejazana ufukweni mwa ziwa, Kagunga, tunakula kwa foleni ya unga. Macho yangu yaliwaka kwa ndani, mekundu kama mawese, na mng'ao wa ziwa ulinichoma hadi nalia. Daktari akampa mama vidonge. "Vitamtia njaa, vitamjaza uso. Usiviache ghafla, hata macho yakiwa meupe. Nitavipunguza mwenyewe."

Kweli, maumivu yalikwisha. Nikala kama mchwa, mashavu yakaja, ya mviringo, yanang'aa. Nilikuwa mzuri, sioni haya kusema.

Lakini foleni nzima ilikuwa mifupa mitupu. Mwanamke wa hema la jirani akapaza sauti: "Wee mama, huyo binti unamlisha unga wa nani? Wetu wanakufa, wako ananenepa!"

"Ni dawa, dada."

"Dawa gani hiyo yenye mafuta? Tugawie na sisi!"

Watu wakacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia salamu ya mama.

Mama yangu hakuweza kuishi akiitwa mwizi. Akavitupa vidonge vyote ziwani. "Macho si yamepona, mwanangu?"

Majuma hayakupita mengi, mashavu yakanywea, na ule moto ukarudi machoni. Yule jirani akaja mwenyewe kumwamkia mama, kaniletea na dagaa. Nilimjua kwa sauti tu.