Siku za Bwana Chaki

Mafundi walimpachika jina la Bwana Chaki, na lilimkaa sawasawa. Kila zege la dari lilipomwagwa, msimamizi huyu alipita chini yake akiandika tarehe kwa chaki kwenye mirunda, ile miti inayolibeba zege mpaka likomae. Na kila kazi mpya aliianza kwa kisa kilekile: soko la zamani lililowaangukia watu kumi na mmoja kwa sababu mirunda iliondolewa mapema. Mafundi walikuwa wamekikariri, wakimwigiza mpaka anavyokohoa.

Asubuhi hiyo alifika kwenye ukumbi wa shule akakuta nyundo zinagonga.

"Nani kawaambia mtoe?"

"Mhandisi, mzee. Siku ishirini na moja zimetimia."

Mhandisi alikuwa mwanawe wa kumzaa. Alisimama katikati ya ukumbi, ratiba mkononi, ameshapigiwa simu mara tatu kuhusu ufunguzi wa keshokutwa.

"Baba, hesabu mwenyewe. Tangu tarehe mbili mpaka leo ishirini na tatu."

"Tarehe mbili tulimwaga nusu, simenti ikatuishia. Upande wa jukwaa tulimwaga tarehe kumi. Una siku kumi na tatu tu hapo ulipo."

"Kwenye ratiba ni dari moja."

"Dari haijui kusoma ratiba yako!"

Fundi mmoja alicheka. Bwana Chaki hakucheka. Mirunda miwili ya kwanza ilikuwa imeshalazwa chini, na nyundo zilikuwa zinasogea kuelekea jukwaani.

"Baba, usianze na soko lako," mwanawe alisema kwa upole. "Wale hawakuwa na watu wa kuwahesabia siku."

"Walikuwa naye. Ni mimi."

Nyundo zikanyamaza. Sehemu hiyo ya kisa hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

"Zege la soko nalo lilimwagwa mara mbili," aliendelea. "Nikahesabu tangu mara ya kwanza. Nilikuwa kijana, nilitaka nionekane najua kazi. Wote kumi na mmoja nilikuwa nakula nao. Mmoja wao ndiye niliyekupa jina lake."

Mwanawe aliugeukia mrunda uliokuwa karibu naye. Chaki ilikuwa wazi kabisa: kumi. Akawaambia mafundi wairudishe miwili iliyotolewa, wakaze kila kitu, na ufunguzi usubiri.

"Uliniambia baba mkubwa, huyo wa jina langu, alikufa kwa ugonjwa," alisema.

Macho ya Bwana Chaki yalikuwa juu, kwenye zege bichi, na mwanawe bado alikuwa amesimama chini yake.

"Toka hapo kwanza, mwanangu," alisema. "Nakuomba. Nitakueleza yote nje."