Waliolala Chini ya Sakafu

Vita vya Maji Maji vilipokwisha nilikuwa mpishi wa daktari mmoja Mjerumani pale boma la Songea. Aliporudi kwao likizo alinichukua, maana tumbo lake lilikuwa limezoea mkono wangu. Mama alinisindikiza mpaka nje ya kijiji, akanipa agizo moja tu.

"Huyo bwana wako alikuwepo siku wanamnyonga baba yako. Ukimwona moyo umelainika, muulize wamemlaza upande gani wa lile shimo la walionyongwa."

Daktari alipenda makanisa ya kale kuliko alivyopenda wagonjwa wake. Kila Jumapili tulipanda treni kwenda kutazama jingine. Sisemi uongo, yalikuwa mazuri. Dari ziko juu hata shingo inauma, na jua likipenya kwenye vioo vya rangi, sakafu nzima inageuka nyekundu. Lakini sakafuni humo walizikwa watu, kila mmoja na jiwe lake na jina lake, na wenyeji wanawapita juu na viatu vyao. Mimi nilitembea nimejibana ukutani. Walinicheka sana.

Siku moja daktari aliniambia nikanyage tu, huyo amekufa miaka mia tatu iliyopita. Akanisomea jiwe: jina la marehemu, jina la mkewe, kazi yake ya kuoka mikate. Wivu ulinishika, sifichi. Mwokaji mikate anajulikana alipolala, na baba yangu, mwenye ng'ombe na watoto tisa, hajulikani. Nilimkumbuka sana baba siku ile. Ndipo nikamuuliza daktari.

"Walitupwa pamoja," alisema. "Sikuangalia nani yuko wapi."

Tuliporudi Songea, mama hakungoja hata nitue mzigo.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza, mama."

Nikampeleka kwenye lile shimo, ambalo sasa lilikuwa limeota nyasi, nikamwonyesha kona ya mashariki. Niliichagua kwa kuwa ilikuwa na kivuli. Mama alipiga magoti, akamwaga unga wa ulezi, akaanza kumsimulia mumewe habari za nyumbani: nani kaoa, nani kazaa, paa linavuja wapi. Kuna mahali alicheka. Alikwenda pale miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na mpaka leo sijui alikuwa akizungumza na mume wa nani.