Cherehani Iliyofaulu Somo la Kuhutubia

Quresh Ghulam alikuwa na miaka hamsini na mbili alipobakiza somo moja tu ahitimu uhandisi wa mitambo, na somo lenyewe lilikuwa la kuhutubia. Hesabu alifaulu, michoro alifaulu. Lakini chuoni kwao kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa ufugaji nyuki, lazima asimame mbele ya wenzake aseme dakika tano, la sivyo hapati shahada.

Quresh hakuwa amezoea kusema na zaidi ya watu watatu kwa pamoja. Maisha yake yote alikaa dukani kwake Mji wa Kale akitengeneza cherehani, na maneno yake mengi aliziambia hizo cherehani: "Haya bibi, waumwa wapi leo?" Mara ya kwanza aliposimama darasani alisema "Mabibi na mabwana," akakauka. Mara ya pili hata mabwana hakuwafikia.

"Mzee Quresh," mwalimu wake, Daktari Truphosa, akamwambia kwa huruma, "jaribio la tatu ndilo la mwisho."

"Daktari, nikiwa na cherehani mbele yangu nitasema."

Truphosa akafungua kanuni. Mhutubu haruhusiwi kifaa chochote. Akasoma tena, akavua miwani. "Lakini waweza kualika msikilizaji mmoja kutoka nje."

Siku ya mtihani Quresh alifika langoni amekumbatia cherehani nyeusi ya mkono. Askari, jina lake Kenga, akafungua daftari la wageni.

"Mgeni wako aitwa nani?"

Quresh akababaika, akataja jina la marehemu mamake. "Mahira."

Kenga akaandika, akafunga kadi ya mgeni kwenye mpini wa cherehani. "Karibu, mama," akasema.

Darasani Mahira aliketishwa kiti cha mbele. Quresh akamkazia macho, akaanza: "Bibi, leo nakueleza kwa nini uzi hukatika." Alisema dakika kumi na moja. Wanafunzi walicheka, kisha wakasikiliza, kisha mmoja akauliza juu ya cherehani ya nyanyake. Quresh alipata hamsini na moja. Alama nyingine zilikatwa kwa kutoangalia watu.

Wiki iliyofuata matokeo ya darasa zima yakazuiwa. Karani wa mitihani, Bwana Mutunga, alikuwa na orodha ya waliohudhuria, na jina la mgeni lilikuwa limenakiliwa humo pamoja na ya wanafunzi.

"Kuna mwanafunzi, Mahira, hajahutubu."

"Ni cherehani, bwana," Quresh akamwambia.

"Hilo si la ofisi hii. Ofisi hii yaona jina."

"Basi lifute."

"Mwanafunzi hufutwa kwa barua yake mwenyewe, yenye sahihi."

Ikabidi Mahira ahutubu. Watahini watatu waliketi, Quresh akatia kitambaa, akazungusha mpini dakika tano kamili. Watahini wakanong'onezana, wakaandika hamsini na nane: sauti wazi, mwendo thabiti, hakusitasita.

Nyumbani mkewe, Shirinbai, aliisoma karatasi ya alama mara mbili. "Baba Tahseen, umeshindwa na cherehani?"

"Kwa alama saba," Quresh akajibu, na kusema kweli ilimuuma. Siku mbili hakuitia mafuta. Ya tatu alimkuta mkewe ameketi sakafuni na karatasi ile ile, akicheka mpaka machozi, naye kicheko kikamshika.

Matokeo yalitolewa, wote wakahitimu. Baada ya mahafali jamaa arubaini walikusanyika kwa chakula cha mchana. Ndugu mkubwa wa Quresh, aliyemsemea hata kwenye harusi ya bintiye Tahseen, akainuka kutoa shukrani kama ada yake.

"Keti, kaka," Quresh akamwambia.

Akasimama na joho lake. Akashika ukingo wa meza. Kisha akasema. Akamshukuru mkewe, bintiye, majirani, na wateja mmoja mmoja kwa majina, hata waliokufa. Biriani ikapoa. Shirinbai akamvuta joho, akamvuta tena, naye akaendelea.