Tulivyokwenda Kuposa Ruzuku

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe hawakuwa na mtu. Sijutii. Niliuza nyama miaka ishirini, nikasomesha watoto wawili, na walipokwisha kusoma wakaniita Minnesota nije nipumzike. Nilipumzika wiki mbili. Wiki ya tatu nikashika ufagio. Kufikia mwaka wa nne nilikuwa na vani yangu, ubavuni imeandikwa kwamba hii ni kampuni ya usafi, na majengo manne ya ofisi niliyoyang'arisha, mojawapo kule Saint Louis Park. Vijana wenye digrii walikuwa wananisukumia mopu. Nayasema haya mapema ili tusidharauliane.

Niliishi Champlin kwa mwanangu wa kwanza. Yeye na mkewe walifanya kazi ya kutunza wazee, mmoja akitoka shifti mwingine anaingia, wanapeana funguo mlangoni kama askari. Mchana mtoto wao alikuwa wangu. Mjukuu huyo alikuwa na miaka mitano na maneno sita. Aliyatumia kwa uangalifu, kama mtu anayejua hatapewa mengine.

Walimpeleka kwa wataalamu. Nilikuwepo. Walimweka kwenye chumba cheupe chenye meza ndogo, akaja mama mmoja mpole na keki ya plastiki, akamwambia leo ni sikukuu ya kuzaliwa kwa mwanasesere, tumpulizie mshumaa. Mtoto akaitazama keki, akaona ni plastiki, akageukia ukuta. Mimi mwenyewe ningegeukia ukuta. Lakini waliandika kwamba hafuati jicho la mtu, wala hamwonyeshi mtu kitu akipendacho, kisha wakataja lile neno ambalo siku hizi kwa Kiswahili wanaliita usonji. Nikatoka pale nimeikasirikia keki.

Sasa, nyumbani kazi yetu mimi na yeye ilikuwa kuchambua maharagwe. Tunakaa sakafuni, ungo katikati. Maharagwe ya Amerika hayana mawe, yamekwisha kusafishwa na mashine, kwa hiyo raha yote ya kuchambua imeondolewa. Basi mimi nikawa natia vitu vyangu: kifungo cha shati, kizibo cha soda. Mtoto anapitisha kidole, anakikuta kifungo. Anakitazama. Anainua uso ananitazama mimi. Anakirudia kifungo. Ananirudia mimi, kama hakimu aliyeletewa mwizi yule yule mara ya tatu. Halafu anakitupa mapajani mwangu.

Jumapili moja binti yangu alikuja kututembelea. Huyu ndiye msomi, alikuwa chuo kikuu akifanya utafiti wa watoto chini ya mkubwa wake. Ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo hata nikimkemea namwita Mama. Alituona tunavyocheza, akaacha chai ipoe.

"Baba, rudia."

Nikarudia. Nikarudia tena na ufunguo wa vani.

"Baba, unajua umefanya nini?"

"Nimepoteza vifungo viwili."

Hapo ndipo wazo lake lilipoanzia, maana mtoto aliyeandikwa kwamba hafuati jicho la mtu alikuwa anafuata langu. Alitaka kuwarekodi watoto kwa kamera nyumbani kwao, wakifanya kazi za nyumba yao, kwa lugha ya nyumba yao, aone wanachofanya ambacho chumba cheupe hakikioni. Wazo zuri. Lakini wenye pesa kubwa walimwambia alete kwanza matokeo ya awali ndipo wampe pesa za kutafuta matokeo. Nikamwambia hao nawajua, ni ndugu zake benki: ukiwa na ng'ombe wanakupa ng'ombe. Akasema kuna wakfu mmoja mdogo ambao hutoa ruzuku ya kuanzia, hasa kwa mawazo machanga ambayo bado hayana cha kuonyesha.

"Ndizo pesa za wasio na ng'ombe, Baba."

Na alizihitaji. Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Asipopata, angerudi kumfanyia mkubwa wake utafiti wa mkubwa wake, na wazo letu la ungo lingeingia kwenye droo.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa imegeuka uji mweusi kando ya barabara, akaja amechangamka. Maombi yake kwenye karatasi yalikuwa yamepita. Sasa ameitwa mbele ya kamati, watu watatu, dakika ishirini, kwenye ukumbi wa mikutano wa jengo fulani kule Saint Louis Park. Jengo langu! Zulia la ukumbi ule nililijua kuliko mwenye jengo.

"Nani anakusindikiza?"

"Hakuna, Baba. Mtu huenda peke yake. Wewe niombee tu."

Chai ikanipalia. Kwetu hakuna anayekwenda kuomba jambo zito peke yake. Ukiposa mke, wanakwenda wazee. Ukitaka shamba, wanakwenda wazee. Anayefika peke yake anatangaza kwamba hana watu, na nani atampa mali yake mtu asiye na watu? Nikamwambia nitaomba. Sikumwambia nitaombea wapi.

Nikakusanya wazee watatu. Wa kwanza alikuwa msemaji, zamani karani wa chifu, wakati ule akiegesha magari ya wageni hotelini. Huyu aliwahi kupunguza mahari ya watu mpaka baba wa bibi harusi akaomba radhi. Wa pili nilimchukua Inver Grove Heights, mwendo mrefu, kwa sababu ya kofia yake: ilimpa uzito. Wa tatu alisikia kuna chapati. Na mjukuu ilibidi aje, maana siku hiyo shifti ziligongana, na mjukuu hatoki bila ungo wake. Basi tukaenda hivyo, wazee ndani ya suti, mmoja amekalia mashine ya kunyonya vumbi, sufuria ya chapati miguuni. Tukaingia kwa mlango wa wafanyakazi, kwa ufunguo wangu.

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Akatuona.

"Hawa ni...?" akauliza mwenyekiti, mama mwenye penseli sikioni.

"Ni baba yangu," akasema binti polepole, "na... watu wetu."

Wakatupa viti. Watu wastaarabu. Msemaji akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa Kiswahili kwamba mgeni haulizwi shida yake koo likiwa kavu. Binti akatafsiri, macho chini. Mwenyekiti akamimina maji, gilasi nne. Tukanywa bila haraka, jinsi inavyotakiwa.

"Tulikuwa tunapita," akaanza msemaji, "tukaona moshi unafuka kwenu. Tukasema, hawa ni watu wa heri, hawa wana moto."

Binti akatafsiri. Profesa mmoja mwenye ndevu akaangalia dari akitafuta huo moshi.

"Tunataka kwanza kujua mmeamkaje, na mifugo inaendeleaje."

"Baba," binti akaninong'oneza, anatabasamu kwa meno tu, "nina dakika ishirini. Mmekula saba."

"Haraka ya nini, Mama? Tumekuja kuomba, hatukuja kuiba."

"Baba, tafadhali!"

Nikaona mambo yanachacha, nikafunua sufuria. Mwenyekiti akainua mkono: kamati hairuhusiwi kupokea chochote kutoka kwa mwombaji. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu mwenyewe, kwamba chapati si hongo, hongo huwa ndani ya bahasha. Hakucheka. Sufuria ikapelekwa korido, na mzee wa tatu akaifuata kuilinda. Hakurudi.

Hapo binti yangu alikuwa amebakiwa na dakika nane, na kosa lilikuwa langu. Nikasema liwalo na liwe, nitawaonyesha mwenyewe. Mjukuu alikuwa amekaa kwenye zulia na ungo wake, ametulia. Nikapiga magoti, suti na yote, nikatia kifungo kwenye maharagwe.

Akageukia ukuta.

Nikatia ufunguo wa vani. Akavuta kofia ya jaketi mpaka puani. Nikamwomba mzee wa Inver Grove Heights ile kofia yake, nikaiweka juu ya ungo, juu ya maharagwe, kitu ambacho hata kipofu angekishangaa. Watu watatu wa kamati wameinamia meza wanasubiri. Mtoto akachagua neno moja katika yale sita.

"Hapana."

Nikajua nimeua ombi la binti yangu kwa mikono yangu. Nikabaki pale chini, magoti yanauma, nalitazama zulia. Lilikuwa safi.

Ndipo nikasikia binti anaweka karatasi zake mezani. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya kusoma.

"Hivi ndivyo anavyoonekana katika kila chumba alichoingizwa," akasema. "Wageni, meza, watu wazima wanasubiri afanye kitu. Ninyi mngeandika nini juu yake?"

Akajibu mjumbe wa tatu, mama wa makamo ambaye hakuwa mtaalamu. Aliwekwa pale kwa sababu mtoto wake mwenyewe, sasa mtu mzima, ana hali hiyo. "Ningeandika walichoandika juu ya wangu," akasema. "Na nyumbani yukoje?"

"Nyumbani huyu mzee humtilia vifungo kwenye maharagwe, naye humkamata." Akawaeleza yote, kuanzia kidole mpaka yale macho ya hakimu. Alitumia dakika tano, na hakugusa karatasi hata moja.

"Kwa hiyo unasema madaktari walikosea? Hana usonji?" akauliza mwenye ndevu.

"Anao," akasema binti yangu. "Sitaki kumwondolea. Nataka aonekane vizuri."

Lile neno "anao" lilinipiga mbavuni. Kumbe miezi yote ile nilikuwa natia vifungo nikidhani nakusanya ushahidi wa kuwashinda wale wa keki, na nilidhani utafiti huu wote ni kesi yetu ya rufaa. Binti yangu alijua, ila hakuniambia, kwa heshima. Nikainuka nikajipangusa magoti, nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Amerika nikanyamaza bila kuombwa.

Tulipotoka tulimkuta mzee wa tatu korido na sufuria nusu. Mwenye ndevu alipita akielekea chooni, akanusa, akasimama, akaendelea na safari yake. Yule alikuwa na nidhamu, nilimheshimu.

Safari ya kurudi, tukimpeleka kwanza mzee wa Inver Grove Heights, binti hakusema na mimi mpaka tulipouvuka mto. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalalia dirisha. "Mifugo, Baba! Umewauliza mifugo!"

"Si mimi, ni msemaji."

Barua ilikuja baada ya majuma kadhaa. Binti akaja kutusomea jikoni, amesimama, koti hajavua. Wamempa. Mwaka mmoja, kamera mbili, na mtu wa kumsaidia. Kulikuwa na masharti: mjukuu wangu asiingizwe kwenye utafiti, maana ni damu yake, liundwe baraza la wazazi na wazee wa jamii la kuushauri, na mkutano wowote ujao, mwombaji aje peke yake.

Msemaji mpaka leo anasema ruzuku ile aliipata yeye, na akadai blanketi la mshenga, kama ilivyo desturi ya posa. Nikampa. Kwenye baraza niliingia mimi, na yeye, na ile kofia.

Siku ile ya barua nilikuwa sakafuni na mjukuu. Nilikuwa nimetia kifungo kwenye ungo, kisha nikakisahau kwa kusikiliza. Binti anasoma masharti, kaka yake anapiga makofi, jiko limejaa kelele. Kifungo kikanigonga kwenye paji la uso. Nikageuka. Mtoto alikuwa ananitazama. Akakitazama kifungo kilipoangukia, akanitazama tena.

Sikumwita mtu aje aone. Nilikiokota, nikakirudisha kwenye maharagwe.